Dizeli Niliyoiita Lipidi

Jumatatu, 5 Mei
Safari ya kijiji cha Nkwenda tena, darasani. Tope. Pikipiki imezimika mara mbili. Asimwe nimempakia nyuma. Ni binti wa dada yangu. Aliacha shule kidato cha pili, mimba. Sasa kuna darasa la watu wazima, akakataa kwenda, anaogopa kuchekwa. Nikamwambia twende wote, nani atathubutu kucheka mbele yangu? Mimi pia niliishia cha pili, nikiwa wa kwanza darasani. Au wa tatu.
Somo: lipidi. Mwalimu kijana, ndevu hazijaota. Anasema ni mafuta na jamaa zake. Nikacheka moyoni. Nimeendesha mashine ya kusaga kwetu Isingiro miaka kumi na minane. Mtu anifundishe mafuta!

Jumatano, 7 Mei
Jaribio. Taja lipidi tatu. Nikaandika samli, mafuta ya senene, dizeli.
Mwalimu akaja na karatasi yangu. "Shikamoo baba. Hapa umekosa."
Nikasimama. Nikasema sheli tunasema weka mafuta, hakuna jina jingine. Mama mmoja muuza ndizi akadakia: "Basi leo kakaangie senene wako dizeli!" Wamecheka mpaka madawati yanagongana.
Nina hasira. Asimwe aliinamisha kichwa muda wote.

Alhamisi, 8 Mei
Habari imefika Isingiro kabla yangu. Mteja wa kwanza: "Mzee Dizeli, nisagie debe moja." Nimesaga. Kosa si langu, ni la lugha. Ya kupaka mafuta, ya kupikia mafuta, ya gari mafuta. Hata Kinyambo chetu, amajuta tu.

Ijumaa, 9 Mei
Nilikwenda na hoja. Dizeli imetokana na viumbe waliooza ardhini zamani, kwa hiyo ni lipidi iliyozeeka. Mwalimu alikuna kidevu dakika tano. Asimwe anasema sekunde.
Kisha akachora. Gliseroli, imening'iniza asidi za mafuta tatu. Dizeli haina gliseroli wala asidi, ni minyororo ya kaboni na hidrojeni basi. Mwili hauna la kufanya nayo ila kuugua. Nilikodoa macho, mchoro haukuingia. Inaudhi mtu mzima kuangalia kitu na kisiingie.
Njiani Asimwe akasema: "Mjomba, Jumatatu siji. Wanatucheka."
Miezi mitatu nimembembeleza arudi masomoni. Nimekuja kuiharibu kazi yote hiyo kwa dizeli.

Jumapili, 11 Mei
Kanisani sikusikia hata neno. Mchana tunamenya ndizi, nikamwambia Asimwe naenda kesho peke yangu, na nitarudia kusema dizeli ni lipidi. Akaacha kumenya.
Akakata kipande cha chane, ndizi tatu. "Mjomba, angalia. Hiki kikonyo ni gliseroli. Ndizi tatu ni asidi za mafuta. Sasa natoa moja, napachika kichwa kinachopenda maji. Hizi mbili zilizobaki ni mikia, inakimbia maji. Hiyo ni fosfolipidi. Zikijipanga safu mbili, vichwa nje, mikia ndani, umepata utando wa seli."
Nikaelewa palepale. Nikamwambia sijaelewa. Akarudia. Nikasema bado. Mara ya nne sauti yake imeshakuwa ya mwalimu.
"Mjomba, wewe huendi popote peke yako," akasema.

Jumatatu, 12 Mei
Swali: kazi za lipidi mwilini. Nikanyoosha mkono. Walianza kucheka kabla sijafungua mdomo.
Asimwe akasimama. Kuhifadhi nishati. Kutunza joto. Kukinga figo. Utando wa seli. Baadhi ya homoni. Kusaidia mwili kufyonza vitamini A, D, E na K. Sikujua ameyashika yote hayo. Halafu akasema, bila kuinama: "Na mafuta ya maziwa ya mama hujenga ubongo wa mtoto. Mimi nanyonyesha."
Nikakunja ngumi chini ya dawati, wa kwanza kucheka ningemrusha hadi Uganda.
Yule mama muuza ndizi akageuka. "Ana miezi mingapi, mwanangu?"
"Mitano."
"Siku moja uje naye tumwone."

Jumanne, 13 Mei
Mvua imekatika. Mashine imefanya kazi tangu asubuhi. Mtu kaniita Mzee Dizeli, nimeitika.
Asimwe yuko barazani, daftari gotini, mtoto kifuani. Mapaja ya mtoto yamejaa, mikunjo miwili kila upande.
Lipidi hizo.