Agonge, Asigonge

Alhamisi, 5 Machi

Tafadhali. Kama mkono wako umelifikia daftari hili na wewe si mimi, lifunge. Usimsomee mtu, hata kwa utani, hata neno moja. Nimetia sahihi kazini kwamba maneno ya wapiga simu hayatoki nje ya chumba changu, na mimi ni mtu wa kutetemeka nikichelewa dakika mbili. Sina moyo wa kufukuzwa. Lakini leo nisipoandika nitapasuka.

Basi. Mchezo wetu wa redio umefika sehemu ya sita. Mcheza kamari amerudi mtaani kwake baada ya miaka mingi, amekaa kwenye benchi mkabala na nyumba ya mkewe. Hajagonga. Sehemu ya nne alikaa. Ya tano alikaa. Leo alifunga kamba ya kiatu — akakaa!

Mchezo ukiisha, simu ya mezani huanza kulia, na mimi karani wa maoni hupokea. Leo wamewaka. Mama mmoja: anangoja aote mizizi? Dereva mmoja: benchi lenyewe limeshamchoka, mpeni godoro tujue moja. Kijana fulani: nilisinzia, nikaamka, nikamkuta palepale. Halafu mwanamke aliyelia tu. Akakata.

Simu ya mwisho ilianza na kikohozi kirefu. Kisha sauti: "Huyo alikuwa mgonjwa. Sasa anaongea mzima."

Kalamu ilinidondoka.

Hakuna mwingine duniani anayesema hivyo baada ya kukohoa. Ulikuwa utani wa nyumbani kwetu, kila asubuhi, uleule, na mimi na Mama tulicheka kila asubuhi kana kwamba ni mpya. Nilikuwa na miaka tisa Baba alipoondoka.

Nikasema, "Shikamoo mzee, redio hapa, nakusikiliza."

"Marahaba, mwanangu." Watu wazima wote huita hivyo. Najua. Kila karani ni mwanangu.

Alisema polepole, nami nikaandika. Asigonge kwanza. Akae. Akae mpaka mikono yake imtii, maana mikono hiyo ndiyo iliyobeba vitu vya nyumba ikavipeleka kwenye karata. Hagongi kwa sababu anawapenda, watu wasidhani ni kiburi.

"Umeyapata yote?"

"Nimeyapata, mzee."

Nyuma yake palikuwa na kelele za chupa tupu zikipangwa kwenye kreti. Simu yetu ya mezani haionyeshi namba. Akakata.

Ijumaa, 6 Machi

Sikulala vizuri. Mama aliniuliza kama nina homa. Nikasema ni kiyoyozi cha ofisini.

Kazi yangu ya Ijumaa inaitwa kunyoosha. Maoni ya watu huja yamepinda: wanarudia, wanatukana, wanamsalimia shemeji. Mimi huyanyoosha yawe Kiswahili safi, kila moja mstari mmoja, meneja hataki ziada. Alhamisi inayofuata Kasuku, mtangazaji wetu, huyasoma kabla ya mchezo. Nasifiwa kwa kunyoosha. Mwandishi wa mchezo husema nina mkono wa pasi.

Nilikaa na maneno ya Baba asubuhi nzima.

Mama husikiliza. Kila Alhamisi anasimamisha cherehani, anaweka miguu juu ya kigoda, anasikiliza. Ule utani wa kikohozi ukisomwa atajua papo hapo. Halafu? Naikumbuka siku tuliyoamka cherehani ya kwanza haipo dirishani. Karata zimeimeza. Zimebaki alama nne za miguu yake sakafuni, na Mama amekaa katikati ya hizo alama kama mtu aliyekaa ndani ya nyumba. Hakulia. Hilo ndilo lililoniogopesha. Alikaa tu mpaka jioni, na kesho yake Baba hakuwepo.

Sitaki kumwona amekaa hivyo tena.

Nikanyoosha: "Msikilizaji mmoja ashauri mcheza kamari asirudi nyumbani."

Safi. Mstari mmoja.

Alhamisi, 12 Machi

Kasuku ameusoma. Kwa ile sauti yake ya kutangaza misiba.

Sehemu ya saba: mvua inamnyeshea mcheza kamari kwenye benchi. Wasikilizaji wamegawanyika. Mwalimu mmoja alisema huu ndio mchezo wa kwanza unaokwenda kwa mwendo wa aibu yenyewe. Mzee mwingine akasema kama ni aibu, basi aibu hiyo ina magoti mabovu. Nilicheka. Halafu simu ikakohoa.

"Huyo alikuwa mgonjwa —"

Akamalizia. Nikamsubiri alalamike kwamba nimemkata maneno. Hakulalamika. Alisema tu, "Redio haina nafasi, naelewa." Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya kitu asichonunua: "Huyo mke, bado anashona?"

Katika mchezo mke hashoni. Ni muuguzi.

Nilitazama mlango. Nilitazama balbu nyekundu ya studio, ile inayowaka tukiwa hewani. Nikasema, "Anashona, mzee. Ana cherehani nyingine sasa."

Kelele za chupa zikakoma.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana." Akakata.

Jumamosi, 14 Machi

Mama ana hasira tangu juzi. Na nani? Na msikilizaji mmoja!

"Asirudi nyumbani — nani kamuuliza? Anajua nini huyo?" Alikuwa anakata kitambaa, mkasi unakwenda kama unamtafuna mtu. "Andika na yangu. Au mtoto wa redio haandiki ya mama yake?"

Nikasema, Mama, nyumbani siandiki maoni.

"Andika, we!"

Nikaandika. Alisema: mwambieni huyo bwana, kama yeye mwenyewe ni miongoni mwa waliokimbia na bado anakimbia, basi abaki hukohuko. Akapitisha kitambaa chini ya sindano, asishone. Halafu, kwa sauti ya chini: lakini kama anaogopa tu, aseme anaogopa. Uoga si dhambi. Mimi nisingemfungulia mlango siku ya kwanza. Ya pili pia nisingemfungulia. Lakini benchi ningelifuta vumbi.

Nikamtazama. Akaniambia, "Unatazama nini? Ni mchezo tu."

Na cherehani ikaanza tena, kasi, kasi.

Jumapili, 15 Machi

Nimenyoosha ya Mama mapema ili nisiifikirie tena. Kwanza niliiandika yote. Nikaisoma kwa masikio ya Baba. Angeijua kabla ya nukta ya kwanza. Angekuja. Na akija, halafu mikono ikamgeuka? Mimi ndiye nitakayekuta alama nne sakafuni. Mimi!

"Msikilizaji mwingine aunga mkono: abaki hukohuko."

Karatasi imeingia kwenye bahasha ya Kasuku.

Alhamisi, 19 Machi

Imesomwa. Zamu ilipoisha nilikwenda nyumbani nikamkuta Mama amekaa, taa hajawasha, redio kaizima katikati ya mchezo. "Wamenikata ulimi," alisema. Hakusema nani.

Lakini kabla ya hapo. Simu.

Safari hii hakukohoa. Ndiyo maana sikumjua mara moja.

"Nimesikia jibu," alisema. "Aliyejibu, mwambieni ana haki yake."

Nikasema, "Mzee, ngoja —"

"Hapana, mwanangu, wala usihangaike. Nilikuwa nimesogea karibu kidogo, basi." Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Mchezo wenu ni mzuri. Watu wanasema unakwenda polepole. Waacheni. Mtu hafiki kwake haraka. Sitapiga tena, nisije nikawachosha."

Nilikuwa na sentensi mdomoni. Ilikuwa fupi. Neno moja tu, silabi mbili, kila mtoto huanza nalo. Meneja alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Nikasema, "Asante kwa maoni yako."

Asante kwa maoni yako!

Ijumaa, 20 Machi

Mwandishi alipita akiwa na furaha. Anatafuna penseli kama kawaida, anasema mwisho umepatikana, wasikilizaji wenyewe wameutoa: mcheza kamari atainuka kwenye benchi, atakwenda zake, hatagonga. Wanarekodi Jumatatu. "Wawili wamesema kwa kauli moja, umeona? Mmoja kasema asirudi, mwingine kasema abaki hukohuko. Umma umenena."

Nikamwambia umma haukunena hivyo. Ulinena kirefu zaidi.

"Ndiyo maana tuna wewe," akasema, akanipiga bega.

Nilikwenda chooni nikafungulia maji.

Jumatatu, 23 Machi

Nimemwambia.

Sikupanga. Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, akashindwa, akanipa nimtungie. Nami nikashindwa, mikono haitulii. Akanishika viganja. "Una nini wewe? Umechukua kitu cha watu?"

Nikasema, ndiyo. Cha kwako.

Nikamweleza yote, tangu kikohozi. Nikamsomea maneno ya Baba kama alivyoyasema, yale yaliyopinda. Mikono imtii. Hagongi kwa sababu anawapenda. Nikamweleza kwamba aliuliza kama bado anashona. Nikamweleza nilivyonyoosha ya Baba na nilivyonyoosha ya kwake, na kwamba kwa wiki mbili wamekuwa wakijibizana redioni, na kila mmoja alipewa jiwe mahali pa neno.

Alisikiliza bila kunikatiza. Nilingoja kibao. Ningekishukuru.

"Alikohoa?" aliuliza.

"Mara mbili. Ya mwisho hakukohoa."

"Na akasema ule upuuzi wake?"

"Akausema."

Aliifunika cherehani kwa kitambaa chake, ingawa kazi ya mteja ilikuwa haijaisha, na mteja atakuja kesho na maneno yake.

"Ungeniachia hata kikohozi," akasema.

Basi. Hakusema kingine jioni yote. Hakukaa sakafuni. Nilikuwa nimeogopa miaka yote kwamba atakaa sakafuni, na leo alikaa kitini, wima, kama mtu anayesubiri kuitwa jina kwenye foleni. Ni vibaya zaidi.

Jumatano, 25 Machi

Nimekwenda maduka yote ya vinywaji niliyoweza kufika kwa miguu, saa ya chakula cha mchana, nikitafuta mahali wanapopanga chupa karibu na simu. Yapo mengi. Katika moja mwenye duka alisema palikuwa na mzee wa kupanga kreti, mpole, mwenye kifua kibovu, ameacha kazi Ijumaa. Kaenda wapi? Kainua mabega. Ana redio ndogo, alisema. Haachani nayo. Kaondoka nayo mfukoni.

Redio ndogo. Mfukoni.

Alhamisi, 26 Machi

Leo ni sehemu ya mwisho. Naandika hapa chumbani, nyuma ya kioo cha studio, kabla ya balbu kuwaka.

Asubuhi Mama alinipa karatasi. Mwandiko wake, wa mtu aliyezoea chaki ya kitambaa. "Hii usiinyooshe," akasema. Nikaongeza yangu chini, tulivyokubaliana.

Nimemfuata Kasuku. Nimempa mkononi, nje ya bahasha. Ameihesabu mistari kwa kidole. "Wewe! Hii si maoni, hii ni hotuba. Meneja atanikaanga bila mafuta." Nikamwambia atanikaanga mimi kwanza. Nikamwambia ni ya nani. Hajawahi kunisikia nikisema jambo langu, nadhani hakujua kama ninalo. Aliacha utani. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati. "Tutaona," alisema. Tutaona ya Kasuku inaweza kuwa ndiyo. Inaweza pia kuwa tutaona.

Sasa amekaa. Amevaa visikizio. Bahasha ya kawaida iko mbele yake, ile niliyoinyoosha. Mfuko wa shati umevimba kidogo. Mama yuko nyumbani, amesimamisha cherehani. Najua bila kuona. Meneja yuko nyuma yangu. Namsikia anavyokoroga chai.

Balbu imewaka.

Kasuku anasoma bahasha. Moja. Ya pili. Mkono wake umekwenda kifuani — au anajikuna?

Nanakili hapa karatasi ilivyo, ili kama haitasomwa, iwe imeandikwa mahali angalau mara moja kama ilivyosemwa:

Kwa msikilizaji aliyekuwa mgonjwa na sasa anaongea mzima. Wiki iliyopita si mimi uliyenisikia. Mimi nilisema uoga si dhambi. Benchi hatuna, lakini kuna ngazi mbili mbele ya mlango, nimezifagia. Kaa hapo siku utakazo. Sitakufungulia ya kwanza.

Na chini yake, mimi: Tulihama ile nyumba, usitutafute kule. Shuka kituo cha mwisho, fuata ukuta wa kiwanda cha sabuni mpaka unapoishia, kisha mlango wa bluu ambao nyuma yake cherehani inasikika. Ukiona ni mbali, nipigie kwanza, namba ni hiihii. Usipige baada ya mchezo, watu wanajaa. Piga asubuhi, saa tatu, kabla meneja hajafika. Nitapokea mimi. Huna haja ya kutaja jina wala kutoa maoni. Ukishindwa kusema, kohoa tu.