Kanuni Niliyoileta Mwenyewe

Jumanne, 4 Juni
Mdomo wangu huu! Padri ametueleza jumuiyani walivyoishi Wakristo wa kwanza: aliyegombana na mwenzake hakwenda kuumega mkate mpaka wapatane. Mimi mwenyekiti nikadakia — na sisi tufanye hivyo, asiyepatana na mwenzake asipokee Komunyo, kuanzia Jumapili hii! Nilikuwa nawalenga mwalimu wa kwaya na jirani yake, wanaogombania ukuta. Watu wakapiga makofi. Ndipo nikamwona wifi yangu kiti cha nyuma, ananitazama. Hatusemezani tangu Oktoba.
Na Jumapili hii binti yangu anapokea Komunyo ya kwanza.

Jumatano, 5 Juni
Wale wa ukuta wamepatana. Kwa kikombe cha chai! Wamekuja hadi kwangu kunishukuru. Nimetoa meno tu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepiga pasi vitambaa vya altare, kimoja nimekiunguza. Basi, niandike. Wifi ni fundi cherehani. Alishona sare za kwaya, zikawabana akina mama hata kupumua taabu, nami nikasema mbele ya wote kwamba ameiba kitambaa. Lakini vipimo nilichukua mimi. Niliona haya kuwazungushia futi kiunoni. Kila mmoja akanitajia namba yake — ya enzi za usichana! — nikaandika. Nilikuja kujua ukweli Novemba. Nikauchuna.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeungama. Padri akauliza, umemwambia mwenyewe? Nikasema nimemwambia Mungu. Akanijibu:
“Mungu hakushona sare, mama.”
Hata pa kupumulia hakuna!

Jumamosi, 8 Juni
Nimeenda kwa wifi dukani. Nimesema yaishe, sisi ndugu. Hakuacha kukanyaga cherehani.
“Uliniita mwizi mbele ya kwaya. Nisafishe mbele ya kwaya.”
Nikatazama kabati lake — tupu. Hakuna mwanamke wa parokia anayempelekea kitambaa tena. Nimeona aibu, aibu kweli.
Mume wangu anasema si useme tu. Rahisi kwake! Binti naye anauliza kama tutapokea pamoja. Nimemwambia akapake viatu rangi.

Jumapili, 9 Juni
Niko sakristia, anapovalia padri. Kengele ya kwanza imelia. Kwaya wako ukumbini wanapasha sauti. Nimefika mlangoni mara mbili, nikarudi kama niliyesahau kitu. Nikisema, nitawaumbua na akina mama wote na namba zao. Nisiposema, nitabaki benchini mwanangu akienda mbele peke yake, na parokia nzima itajua sababu — kanuni ni yangu! Nani alinituma?
Wifi amekuja mlangoni. Ana sindano na uzi. Alikuwa anamshonea mama mmoja kifungo kilichofyatuka kifuani. Hajanisalimu.
“Unaandika nini? Kwaya wametimia wote.”
Ameushikilia mlango wazi. Hauachi. Naweka kalamu.