Zelida Alizungumza Kihangaza

Mama mpendwa,

Shikamoo. Usinikasirikie kwa kukaa kimya hivi. Tangu mvua za kwanza nasema leo namwandikia Mama, halafu mdogo anaota meno, maharage yanataka palizi, na nikishika simu jioni usingizi unanishika mimi. Barua hii naiweka wazi, kwenye ukurasa wa mjadala wa ensaiklopidia yetu, mashabiki wote waione. Kaka Josia atakusomea huko Lukole. Kwa kupiga simu haiwezekani: unauliza watoto wamekula, unauliza tena, salio linakwisha.

Ile ensaiklopidia nilikueleza, ukasema, "Yaani watu wazima mnaandika habari za watu wasiokuwepo?" Ndiyo, Mama. Ni tovuti tunayoiandika wenyewe, sisi tuliokua tukisikiliza mchezo wa redio wa Mashine ya Mzee Kagoma. Kila mhusika ana ukurasa wake: Mzee Kagoma mwenye mashine ya kusaga, mkewe mwenye wivu, fundi mlevi anayefunga mkanda wa mashine kinyume. Ukurasa wa Zelida niliuandika mimi. Unamkumbuka, yule binti aliyemwambia mzee mbele ya foleni nzima kwamba mizani yake ina njaa kuliko wateja. Ndiye aliyempa mwanangu wa kwanza jina.

Sasa watu walianza kuandika kila wanachokumbuka. Mmoja kamuua Mzee Kagoma, mwingine kamwozesha mke wa pili. Tukakubaliana sheria ya vyanzo: kinachohesabika ni kilichosikika hewani. Kanda ikiwepo, inatosha. Kanda isipokuwepo, waletwe wasikilizaji wawili wa nyumba tofauti. Sheria hiyo niliipigania mimi, Mama, tena kwa ukali. Haikupita muda, Mwalimu Hamadi wa Biharamulo mjini, anayetunza kanda zetu, akaniandikia kwa upole wake: "Mama Zelida, huyu Zelida wako simpati kwenye kanda hata moja. Lete mashahidi."

Nikasema mashahidi wapo kama kumbikumbi! Nikaanza na Mama Anita, jirani yetu wa zamani kule Bisibo, siku hizi tuko naye hapa Nemba. Hata sijakaa akadakia, "Zelida wa mizani? Namkumbuka kama jana!"

"Ulimsikia wapi?"

"Redioni, wapi tena!"

"Redio ya nani?"

Akaacha kupepeta. "Ee, kweli. Sisi redio hatukuwa nayo. Alinisimulia mama yako, tukichambua maharage."

Nikampigia shangazi Domina: kwa mama yako. Nikamuuliza yule mzee aliyekuwa anauza mafuta ya taa: kwa mama yako. Bisibo nzima, Mama, chanzo ni wewe.

Hapo nikazikumbuka zile betri. Asubuhi ulikuwa unazipanga juu ya bati la banda la mbuzi zipate jua, na ole wake atakayezigusa. Jioni zinaamka kidogo. Redio inaongea, inakwaruza, inanong'ona, kimya. Kabla hatujaanza kulia, wewe umeshadaka, Mzee Kagoma anatokea puani mwako, mkewe anafoka, na mashine unaipiga kwa mwiko kwenye sufuria. Sisi tumelala chali mkekani, hatujui redio imeishia wapi na wewe umeanzia wapi.

Mwalimu Hamadi akaniambia basi niandike maneno ya wahusika jinsi ninavyoyakumbuka, tuyalinganishe na kanda. Nikaketi, mdogo mgongoni. Mzee Kagoma akaja kwa Kiswahili. Fundi akaja kwa Kiswahili. Zelida akaja kwa Kihangaza chetu cha nyumbani. Kila neno lake, Mama, hata lile la mizani, nilikuwa nimelitafsiri mimi bila kujijua. Na redio ile haikuwahi kusema Kihangaza hata kwa bahati mbaya. Nilicheka mpaka mdogo akaamka, naye akacheka.

Nimemtoa. Kwa mkono wangu. Sheria ikimhurumia Zelida wangu, itabidi imhurumie na yule aliyemuua Mzee Kagoma. Baba Zelida akauliza, "Sasa mtoto tumbadilishie jina?" Nikamwambia athubutu.

Lakini siku hiyohiyo nikafungua ukurasa mpya, unaitwa Betri Zilipoisha. Ni wa wahusika waliozaliwa majumbani redio ikizima. Sharti ni moja, aliyemtunga mhusika aseme kwa kinywa chake. Nilidhani Zelida atakaa humo peke yake kama mwali. Wiki haikuisha, dada mmoja wa Rulenge kaleta pacha wa Mzee Kagoma, aliyetungwa na bibi yake. Na yule punda anayeiogopa mashine, ambaye Mwalimu Hamadi amemtafuta kwenye kanda miaka yote hii? Kumbe ni wa baba yake Mwalimu mwenyewe! Alimpigia mzee wake, mzee akasema, "Ulikuwa hulali bila punda, nifanyeje?"

Nilidhani nimenyang'anywa kitu, Mama, kumbe nimepewa. Mwanangu ana jina la mtu uliyemtunga ili sisi tusilie.

Basi nitumie hivi. Sauti yako, Josia airekodi, ukisema Zelida ni wako. Usimtume Josia akusemee. Sheria ni sheria, hata wewe sikupendelei. Mbegu ya yale maharage ya njano, kisado kimoja, kama Bibi hajayamaliza. Ile redio, hata kama imekufa. Na mwisho wa Zelida. Tulimwacha katikati ya mto, kiroba cha unga kichwani, ukasema mtasikia kesho, na kesho yake ukanunua betri mpya. Mjukuu wako kila nikimwogesha ananiuliza, "Mama, mimi nilivuka?"

Mwanao,
Mama Zelida