Tunda Lililoharibu Picha ya Chui

Seronera, 9 Juni 1999

Kwa Dada Akech,

Napenda kuutangazia ukoo mzima, walio hai na waliotangulia, kwamba kuanzia Jumatatu hii mimi, Obara mwana wa Agutu, nimekabidhiwa kofia mpya. Ni ya kijani, ina jina la kampuni mbele na kamba ya kufungia kidevuni, kwa ajili ya upepo. Meneja alitoa hotuba ndefu kuliko kofia.

Baada ya taarifa hiyo, hamjambo nyote? Magoti ya Mama yanasemaje tangu mvua ziishe? Mimi mzima. Nakula, nalala, nawasha gari.

Nimepewa mgeni mmoja tu, mzee wa Kidenmaki, Bwana Henning. Lenzi yake ni nene kama mchi. Hataki simba, hataki tembo. Anataka chui akishuka mtini kichwa kikitangulia, basi. Siku ya tatu hii tuko chini ya mti mmoja: chui amelala, mzee anamngoja chui, mimi nawangoja wote wawili. Mti wenyewe ni mvungunya, na kila anapolenga tunda linajitokeza katikati. Ananiambia, "Obara, sogeza gari, tunda limeniharibia picha." Nasogeza. Linatokea jingine.

Wewe unayajua matunda hayo. Mzee wa watu sikumweleza sisi Wajaluo huwa tunayatumia kwa kazi gani. Yeye anamtazama chui, mimi nayatazama matunda.

Kuna habari yoyote ya mdogo wetu Ogola kutoka machimboni? Wanaendelea kulichimba lile shimo lililomfukia?

Mdogo wako,
Obara


Utegi, 27 Juni 1999

Ndugu yangu Obara,

Barua yako tumeipokea kwa dereva wa basi, ina alama ya kikombe cha chai, kwa hiyo sisi si wa kwanza kuisoma. Hongera ya kuvikwa kofia. Mama ameuliza kama ina masikio. Hajambo, magoti yanalalamika lakini anakwenda nayo sokoni hivyo hivyo.

Ogola. Wameacha kuchimba. Wenzake wawili walikuja wenyewe kutuambia. Shimo lilijaa maji, udongo ukashuka mara ya pili, wenye shimo wakalifukia na kuhamia jingine. Walituletea viatu vyake vya kanisani, alikuwa ameviacha kambini. Mdogo wetu hayupo tena, Obara. Nakuandikia wazi, maana wewe ukiambiwa nusu unakaa na ile nusu nyingine miaka.

Wazee wamekutana. Mwili hakuna, basi atazikwa kwa yago, kama alivyozikwa babu yule aliyepotelea vitani. Tunda hilo la mvungunya litalala ndani usiku mmoja, litaliliwa, na litazikwa kando ya nyumba yake kwa jina lake. Ni Jumamosi, tarehe 31 Julai. Ila Mama anasema ni lazima litoke porini, mahali pasipofika moshi wa jiko, na liletwe kwa mkono wa mtu wa tumbo moja na marehemu. Mimi nimeolewa, mkono wangu umeshahama. Umebaki wewe, na unashinda chini ya mti wenyewe.

Jibu upesi.

Dada yako,
Akech


Seronera, 22 Julai 1999

Dada Akech,

Salamu zangu kwako, kwa shemeji, na kwa Mama mwenyewe. Poleni sana. Nimeandika neno hilo, nikaliangalia kwa muda mrefu, na limebaki kuwa neno.

Nisikufiche, hifadhini hakitoki kitu. Si unyoya, si jiwe, si ganda la yai. Nikikutwa na tunda, kazi imekwisha. Na Julai ndiyo nyumbu wanavuka mto, hakuna dereva anayepewa ruhusa hata akifiwa na meneja.

Bwana Henning amerudi kwa safari ya pili. Chui wa kwanza alishuka sisi tukiwa chooni. Juzi nilimpeleka mtoni. Nyumbu walivuka wengi, na mamba akamshika ndama mbele ya gari letu. Mama yake alikuwa ameshafika ng'ambo, akageuka, akasimama. Bwana Henning aliweka kamera chini akalia, mtu mzima, na mafua juu. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya chai. Nikammiminia. Hata sukari sikukosea. Dada, nilimtazama yule mzee anavyolia nikamwonea wivu.

Nimewaletea picha. Ana kamera inayotoa picha papo hapo, ya kujaribia mwanga. Chui yumo, ila tunda liko mbele yake na limeonekana lote. Waulize wazee kama halitoshi. Limetoka porini, na nimelitia kwenye bahasha kwa mkono wangu.

Mdogo wako,
Obara


Utegi, 4 Agosti 1999

Obara,

Hatujambo, na wewe tunakuombea.

Picha yako imekaliwa kikao. Mzee Ondiek alisema picha ya samaki hainuki, kwa hiyo si samaki. Mzee Agwanda akasema ingeweza kufaa, lakini tutakuwa tumemzika kijana wetu pamoja na chui, na chui huyo hatujui kwao. Ondiek akamalizia, "Huyu tukimwagiza ng'ombe wa mahari atatuletea kwato zilizochorwa." Walicheka wote, halafu wakakumbuka kilichowakutanisha.

Basi tarehe 31 imepita bila maziko. Watu walikuja wakakuta hakuna wa kuzikwa, wakanywa uji wakarudi makwao.

Mama aliiomba ile picha. Akaitazama upande wa mbele, akaigeuza akatazama nyuma. Nikamwambia, "Mama, huko hakuna kitu."

"Nilidhani yeye yuko upande huu," akasema.

Wazee wameongeza muda mara moja, na wameapa ni mara ya mwisho: Jumamosi, tarehe 28 Agosti. Ogola hawezi kukaa nje kila siku kama mtu anayedai. Tafuta namna. Njoo.

Dada yako,
Akech


Arusha, 31 Agosti 1999

Dada yangu Akech,

Natumaini mko salama. Mimi ni mzima, niko Arusha kwa rafiki, na nitakwambia kwa nini.

Nilikuwa njiani kuja. Alhamisi niliomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino, nikapita chini ya ule mti, nikaokota tunda lililodondoka. Zito kama mtoto wa miaka miwili. Nikalifunga kwenye koti la mvua, nikapanda basi la Musoma nalo mapajani. Kichwa chake kilikuwa kinachomoza, nikakivisha ile kofia mpya, nikafunga na kamba. Mama mmoja kwenye basi akaniuliza mtoto anaumwa nini.

Getini askari akaingia kukagua. Akasimama mbele yangu, akalivua tunda kofia.

Unajua wanaume hulitafutia nini tunda hilo, wakiamini likikua na wao watakua. Askari alikuwa anajua. Akauliza kwa sauti ya mnadani, "Kulikoni, bwana mkubwa? Mke amelalamika?" Basi zima likacheka, na walioko nyuma wakasimama wapate kuona. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, kwamba naenda kumzika mdogo wangu. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Ndiyo, mke amelalamika."

Sina hata mke, Dada.

Mahakamani hawakunipeleka, walisema wamecheka vya kutosha. Lakini habari zilifika kwenye kampuni kabla yangu. Nimerudisha funguo na kofia. Tunda walilitupa nyuma ya banda lao. Lilitua chini kwa kishindo, na mimi nikarudi kwenye foleni kusaini.

Waombe wazee wiki mbili tu. Sasa sina kazi ya kunizuia. Niambie pori gani jingine linaweza kufaa, nitakwenda kwa miguu.

Mdogo wako,
Obara


Utegi, 8 Septemba 1999

Obara ndugu yangu,

Salamu kutoka kwetu sote, na pole ya kazi.

Barua yako imetukuta tumeshazika. Ijumaa Mama alikaa mlangoni mpaka basi la mwisho lilipopita, na Jumamosi wazee hawakuongeza hata saa. Tuliweka viatu vya kanisani pembeni yake. Mchungaji akamtaja kwa majina yote matatu. Mama alilia, akaoga, akalala.

Nimemsomea barua yako yote, hata pale pa mke. Alicheka mpaka akashika magoti. Alipomaliza akaniomba nikuandikie jambo moja, kwa kuwa yeye anaona haya. Lile sharti la tunda la porini, na mkono wa mtu wa tumbo moja, halipo. Wazee hawajawahi kulisikia, walimkubalia tu kwa kuwa yeye ndiye mfiwa. Alilitunga yeye. Alitaka uwe na kitu cha kuleta.

Dada yako,
Akech

Tunda tulilozika alilichuma shemeji yako nyuma ya stendi ya Utegi, pale unaposhukia basi. Yapo mengi.