Kibali cha Kasuku wa Mama

Bwera, Jumapili baada ya misa

Yaya Ruben,

Huku tuko wazima, maharage imeota vizuri. Nakuandikia kukushukuru, ingawa wewe mwenyewe hujui umefanya nini.

Afisa wa wanyamapori alitoka Kasese kuja kumchukua kasuku wa Mama. Hatukuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba alilelewa nyumbani, hakunaswa porini. Jirani yetu Naome, muke wa polisi, alitushuhudia, lakini afisa akasema hiyo haitoshi. Nikapakua chakula, maana mgeni ni mgeni. Kasuku kusikia sahani, akaita kwa sauti ya Mama kabisa: "Ruben, kuya kula, bugali inapoa."

Afisa akaweka kalamu chini. "Ruben ni nani?"

"Kaka yangu mukubwa, afande. Iko kwenye migodi ya dhahabu."

Basi akaandika kibali, akamvisha kasuku pete ya namba mguuni. Jina lako ndilo lililomuokoa. Aksanti sana, Yaya.

Tangu tumzike Mama bila wewe, kasuku anakuita hivyo kila jioni, na hanyamazi mpaka nikuwekee sahani. Naiweka, na bugali inapoa.

Mdogo wako,
Marie-Louise