Maji ya Udhu Wako

Baba Zuhura,

Mkeo nimetoka eda. Nilipokwisha kuoga na kuvaa kanga mpya, jambo la kwanza nilifungua chumba chako cha kunasia nyimbo, hapa hapa Kinondoni. Mama yako alikuwa anarudi Kilwa kesho yake. Kifua chake kimechoka, nasi tulitaka tuipate sauti yake kabla haijakatika, katika ule wimbo aliokubembelezea ukiwa mchanga.

Tukawasha mashine. Lo, ikavuma! Mmmm, kama nyuki ndani ya mtungi. Sauti ya mama yako ikazama humo, neno halisikiki. Enzi zako mashine ile ilikuwa kimya kabisa, ukijisifu kwa wageni mpaka naona haya mie. Nikafanya yote niliyokuona ukifanya. Nikazima taa. Nikautenga waya wa maikrofoni na waya wa umeme. Nikaisogeza maikrofoni mbali. Wapi! Binti yetu Zuhura, visikilizio masikioni, anatikisa kichwa tu. Nikakaa chini nikalia, maana niliona tunakupoteza mara ya pili.

Alasiri ikaingia. Mama yako akachukua birika, akaenda uani, akachutama kwenye lile jiwe lako la kutawadhia. Sisi wengine hutawadha bafuni. Tangu uondoke, hakuna aliyemwaga maji pale. Mara Zuhura akapiga kelele, "Mama! Imenyamaza!"

Nikatoka mbio. Ule waya ulioupitisha dirishani kutoka kwenye mashine, ambao siku zote nilidhani ni wa radi, unashukia kwenye chuma ulichokizika kando ya jiwe. Udongo ulikuwa umekauka kau, na udongo mkavu haupokei umeme. Maji yalipoufikia, mvumo ukaenda zake ardhini.

Subhanallah! Kumbe kila ulipojiandaa kusali ulikuwa unainyamazisha mashine, na sidhani kama mwenyewe ulijua. Mwili ulinisisimka. Hata sasa ninapoandika unanisisimka.

Mama yako akaimba. Alipomaliza akasahau kuwa bado tunanasa, akasema polepole, "Haya, lala baba." Nalo limo, safi, na pumzi zake zimo.

Pumzika, mume wangu. Nitatawadhia pale mimi, kila sala. Nikiwa hai, udongo ule haukauki tena.

Mama Zuhura