Sanduku la Kwenda Kagunga

Jumanne, 9 Julai

Insha thelathini na mbili za Kidato cha Tatu. Skola anasoma kwa sauti, mimi nataja alama, yeye anaziandika. Mdogo wangu huyu hakusomea ualimu, lakini siku hizi ngeli zikikosewa anakasirika kuliko mimi. Tumemaliza saa kumi jioni, koo limemkauka.

Simu ya Zaituni ikaingia katikati ya kazi. Simfahamu. Namba yangu kaipata kwa binamu yake wa hapa Ujiji. Mumewe, Mwalimu Ntakije, anafundisha hesabu sekondari ya Kagunga, safari ya boti ziwani kutoka hapa. Macho yanamwishia. Mwaka wa pili huu, na anaficha. Anaandika ubaoni juu ya maandishi ya jana, wanafunzi wanacheka. Juzi kamwambia mkewe ataacha kazi mwisho wa mwezi. Sababu hataitaja kwa mtu yeyote.

"Dada, nasikia wewe huoni kabisa na unafundisha," aliniambia. "Njoo akusikie. Mimi hanisikii."

Sikujibu vizuri. Nilisema nitafikiri.

Miaka kumi na moja tangu macho yangu yazimike. Mimi nilificha miezi minane tu, kule Kasulu. Ilikuwa miezi mibaya kuliko yote iliyofuata.

Jumatano, 10 Julai

Nimempigia Ntakije mwenyewe. Sauti nzuri, ya mtu anayependwa darasani. Akasema yuko salama, macho yanawasha kidogo, ni vumbi la kiangazi. Akasema ziwa limechafuka na nisijisumbue.

Nitaenda. Nimeamua kwa hasira, najua. Mkuu wetu wa shule amenipa ruhusa ya siku nne.

Ninachoogopa ni kompyuta. Bila hiyo nitakwenda kumwambia nini? Lazima aisikie inavyonisomea kila ninachoandika na kila nilichotumiwa. Sauti yake ya Kiswahili ni ya ajabu, kama mgeni aliyejifunza lugha kwa siku tatu, lakini ni macho yangu. Ile ya kwanza ilikufa mwezi wa pili. Ilikuwa kwenye begi la kitambaa, begi likachomoka mapajani tukiwa kwenye bodaboda, mteremko wa Mwanga. Nilikaa miezi minne bila kuandika neno ambalo halikupitia mkono wa mtu mwingine. Hata shajara hii ilikatika.

Siipandishi hii kwenye boti ndani ya begi la kitambaa. Basi.

Jumamosi, 13 Julai

Mwanga, sokoni, mimi na Skola. Asubuhi nzima.

Duka la kwanza, kijana mchangamfu. Anazungumza na Skola. "Mwambie dada hili lina maua ya bluu." Nikamwambia dada ana masikio. Akaniomba radhi, na baada ya hapo akawa mtu wa maana. Kava lake ni la plastiki ngumu, vipande viwili vya kubana juu na chini. Jepesi. Limepoa mkononi, laini, kingo zake zimekatwa vizuri. Nikalivisha mwenyewe. Vile vimeno vya kubania vinashika, ila kimoja kinaziba nusu ya tundu la visikilizi. Na pembeni, kwenye bawaba, kuko wazi kabisa.

Akasema, "Lakini kioo hakipasuki ng'o!"

Nikamuuliza kioo kitanifaa nini. Skola akacheka mpaka akapiga chafya. Kijana naye akacheka baadaye, kwa kuchelewa. Nikamweleza. Kwangu kioo ni mfuniko tu. Ninachotaka kulinda ni vitufe, tundu la visikilizi, tundu la flashi na vile vilivyo ndani. Na maji yasiingie. Akakiri kava lake halizuii maji. Muungwana. Angeweza kunidanganya.

Duka la pili, mabegi yenye sponji. Yananuka gundi. Nikabonyeza kona kwa kidole gumba, nikaigusa kompyuta kwa ndani kana kwamba hakuna kitu katikati. Hapana.

Duka la tatu ni la mama anayeuza vifaa vilivyotumika: mizani, tochi, majiko ya gesi. Akanitolea sanduku. Plastiki nzito, zito kweli, pembe nene kama kisigino cha kiatu. Vibanio viwili vya mbele vinalia *ta* vikifungwa. Ndani sponji nene, na kwenye ukingo wa mfuniko mpira mwembamba unaozunguka pande zote nne. Nikaupitisha kidole taratibu, mzunguko mzima. Lilikuwa la kubebea mashine ya kupimia, hajui ya kupimia nini. Linanuka dawa.

Skola hakulipenda. Alisema nitaonekana kama fundi bomba. Kisha akasema ukweli wake: anaona naenda kufa maji kwa ajili ya mwanamume nisiyemjua.

Nimelinunua. Tumerudi tumenuniana.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya misa, majaribio. Nikaweka magazeti ndani ya sanduku na jiwe la kusagia, nikalizamisha kwenye pipa la maji na kuhesabu mia tatu. Nikatoa. Gazeti la kona ya kulia limelowa.

Nilikaa chini. Nilitaka kulia kwa sababu ya gazeti.

Kisha nikaupitia mpira tena, safari hii kwa ncha ya ulimi, maana ulimi haukosi kitu. Kuna tone la gundi kavu, dogo kama punje ya ulezi. Kidole kililiruka jana. Nikalikwangua kwa kucha, nikapaka mafuta ya nazi kidogo, nikazamisha tena, mia sita. Magazeti makavu. Nimeyaweka shavuni moja moja kuhakikisha.

Shimo la sponji ni kubwa mno kwa kompyuta yangu, inacheza. Skola akakata kipande cha godoro la zamani, akakipunguza kwa kisu mara nne mpaka kikakaa sawasawa. Najua maana yake.

Jumatatu, 15 Julai

Kagunga. Naandika kwa kifupi, nimechoka.

Boti iliondoka Kibirizi saa mbili asubuhi, imejaa watu, mchele na magodoro. Upepo wa kusini. Mpaka saa tano nilikuwa nimetapika mara mbili. Sanduku kati ya miguu, kamba yake kiganjani. Mama mmoja wa Kirundi alinishikia kichwa bila kuulizwa.

Kushuka ndiko kubaya. Boti haifiki nchi kavu, unaruka kwenye maji ya magoti. Mchukuzi alitaka kubeba sanduku kichwani, nikakataa. Kiburi. Wimbi likanipiga nyuma ya magoti nikaanguka kifudifudi, fimbo ikaenda zake, sanduku likaniponyoka likaning'inia kwenye kamba. Nikalisikia likigonga ubavu wa boti. Mara tatu.

Likaelea. Mchukuzi akatunyanyua wote wawili, na fimbo akaipata.

Zaituni alikuwa ufukweni. Mkono mdogo, wa moto. "Mwakeye, dada," akasema, salamu ya Kiha ya asubuhi, ingawa ilikuwa mchana tayari.

Nimefungua sanduku nyumbani kwake. Kavu. Kompyuta ikasema "Karibu" kwa ile sauti yake ya kigeni. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ntakije amekuja kula, amesalimia kwa adabu zote, ametoka. Hajagusa habari ya macho.

Jumanne, 16 Julai

Hakuna jipya. Asubuhi Ntakije alikwenda shule, mchana akasema ana kikao. Zaituni anasema hakuna kikao.

Tumechambua mchele. Kaniambia jinsi anavyopanga vitu ndani bila kumwambia mumewe: vikombe daima kushoto, viatu daima mlangoni, hakuna kigoda njiani. Miaka miwili. Yeye anajua, mume hajui kuwa mke anajua, au anajifanya.

Nimemkasirikia huyu mwanamume. Nimejikasirikia pia. Niliwafanyia watu wangu hayo hayo.

Jumatano, 17 Julai

Niandike yote, kwa mpangilio.

Leo alikaa. Sijui Zaituni alimwambia nini. Saa tisa alasiri, sebuleni, kompyuta mezani, sanduku likiwa wazi mkekani, tupu. Nilimwonyesha jinsi ya kuandika na kusikiliza. Hakusikiliza. Nilimsikia akiinama, pumzi yake ikigonga vitufe. Alikuwa amesogeza uso mpaka karibu aguse kioo.

"Naona," akasema. "Ukikuza herufi hivi, naona. Hii ni M."

Nikamwambia funga macho usikilize. Akasema hana haja ya kufunga macho, anaona. Nikamwuliza ataona mpaka lini. Nilisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Halikuwa neno la kumwambia mtu nyumbani kwake.

Akasimama ghafla. Mguu ukanasa waya wa chaji. Nikasikia kompyuta ikikwaruza meza, kisha hakuna sauti, kisha sakafu ya saruji.

Nimehangaika wiki nzima na sanduku. Limevuka ziwa. Na kitu kimeanguka kutoka mezani, futi tatu, sanduku likiwa hapo hapo linatazama.

Ntakije alipiga magoti. Nikasikia vigae vidogo vikidondoka.

"Nimeivunja," akasema. "Mwalimu, nimeivunja. Kioo chote. Ni nyeusi tupu. Imekufa."

Nilinyoosha mikono, akaniwekea. Nikapapasa. Kioo kimekuwa kama changarawe. Vitufe vyote vipo. Matundu yote yapo. Nikabonyeza.

"M," ikasema kompyuta.

Nikabonyeza tena. Nikaandika sentensi nzima, nikairudisha tangu mwanzo, ikaisoma yote kwa matamshi yake mabaya: *Mwalimu Ntakije amevunja kioo changu, lakini kioo chenyewe sikitumii.*

Sikusikia tena pumzi yake kwenye vitufe. Alikuwa amekaa mbali, chini, mgongo ukutani.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Na mitihani unatunga hivi? Gizani hivi?"

"Hivi."

"Na hesabu? Sehemu? Vipeo?"

Nikamwambia ukweli, hesabu ni ngumu zaidi, kuna namna ya kuandika alama na itabidi ajifunze upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilimwambia nililia kwa ajili ya kitufe kimoja wiki mbili. Nikamsukumia kompyuta. Nikaweka vidole vyake mahali pa kuanzia, kwenye vile vinundu viwili ambavyo wenye macho hawajui kuwa vipo.

Hakukuwa na kitu cha kutazama tena. Nadhani hilo ndilo lililomsaidia. Mimi sikupanga, na nisingethubutu kupanga. Aliandika jina lake akakosea mara sita. Kila kosa likatamkwa kwa sauti kubwa, nyumba nzima ikasikia.

Zaituni alikuwa mlangoni. Nilijua kwa harufu ya moshi wa jikoni.

"Mama," akamwambia mkewe, vidole bado viko kwenye vitufe, "ubao siuoni. Tangu mwaka juzi."

"Najua," akasema Zaituni.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Nilinyanyuka nikatoka nje. Nilisahau fimbo, nikaishika kamba ya nguo na kusimama hapo hapo. Hapakuwa mahali pangu mle ndani.

Ijumaa, 19 Julai

Ujiji. Safari ya kurudi jana shwari. Sanduku nililikalia, linafaa pia kuwa kiti.

Skola alinipokea Kibirizi. Alipofungua kuona kioo akapiga yowe, watu wakakusanyika. Nikamweleza njia nzima. Akasema, "Kwa hiyo ungeweza kwenda nayo kwenye mfuko wa rambo." Ningeweza kumpiga. Si kweli. Ingelowa. Lakini nimecheka na nimemwambia asamehe yale ya sokoni, na yeye kaniambia vivyo hivyo.

Fundi wa Mwanga anasema kioo ni cha kuagiza Dar, kitachukua muda. Nimemwambia hakuna haraka. Alinitazama, nadhani.

Najisikia vibaya kwa neno moja tu, lile la "mpaka lini". Nitamwomba radhi.

Jumapili, 21 Julai

Siku ya kimya. Upepo umeacha tangu jana.

Ntakije alipiga saa tisa. Nikaanza na radhi, akanikatiza, akasema lile neno alikuwa analisubiri kwa mtu. Alikwenda nyumbani kwa mkuu wa shule jana, kwa miguu, na Zaituni. Akasema mwenyewe, kwa mdomo wake. Mkuu akasema barua ya kuomba vifaa wataiandika pamoja, na kwa sasa Ntakije atafundisha kwa mdomo, mwanafunzi mmoja awe anaandika ubaoni. Hajui kama wilaya itakubali. Mimi pia sijui. Nilimwambia hivyo, sikutaka kumpa matumaini ya uongo.

Barua ya kuacha kazi bado anayo kwenye droo. Hajaichana. Alisema ameiacha hapo tu.

Kisha akaniuliza kitufe cha kufuta kiko upande gani, kulia au kushoto, maana anafanya mazoezi juu ya meza, kwa vidole vitupu, bila kompyuta. Nikamwambia kulia, juu. Nikamsikia akigonga mbao.

Halafu nikaenda uani kumsaidia Skola kuchambua dagaa. Walikuwa wengi, na mchanga kidogo tu.